Salio la michango ya matibabu ya mama: tulipeleke wapi?

BARUA

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mtoto wa pili katika familia ya watoto wanne, mkazi wa Tanga, na ninakuandikia kwa sababu jambo lililotuunganisha wakati wa ugonjwa wa mama yetu sasa limeanza kututenganisha.

Mama aliugua saratani ya mlango wa kizazi. Kabla ya kugundulika alitibiwa kwa muda mrefu katika zahanati moja ya mtaani kama mgonjwa wa maambukizi ya njia ya mkojo, na hata alipopewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ulikuwa umekwisha kupiga hatua. Alipigwa mionzi kwa wiki kadhaa, akiwekewa na dripu ya dawa kila wiki, kisha akapata mionzi ya ndani, na kwa zaidi ya mwaka mmoja tulimwona akirudi katika hali yake, anapika, anakwenda madrasa jioni, anawagombeza wajukuu. Ugonjwa uliporudi, ndugu, majirani, wanafunzi wake wa zamani wa shule ya msingi na binamu zetu walioko Muscat walichanga upya kupitia kikundi cha WhatsApp, na mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Mama alifariki dunia kabla matibabu ya awamu ya pili hayajaanza. Baada ya kulipa gharama zote za hospitali na safari, mkononi mwangu zimebaki shilingi milioni 4 na laki 2.

Kaka yetu mkubwa anataka fedha zote zipelekwe katika utafiti wa saratani, kwa hoja kwamba kumsaidia mgonjwa mmoja ni kuahirisha msiba, ilhali utafiti ndio utakaoumaliza ugonjwa. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye ndiye aliyemuuguza mama kule Dar es Salaam, anataka zipewe wagonjwa waliopo, hasa mama mmoja wa Kigoma waliyelala naye chumba kimoja, ambaye alikuwa akifikiria kuacha mionzi katikati kwa sababu hakuwa na fedha ya chakula wala ya malazi. Mama mdogo, yaani ndugu wa marehemu, anasema maiti ana haki yake na fedha zifanyiwe khitma ya arobaini, kwa kuwa zilitolewa kwa ajili yake.

Nami nina yangu, na haya sijamwambia mtu. Kaka hakuwa karibu wakati wa ugonjwa. Alikuja mara chache, akawa anatuma fedha, na sasa mama amefariki ndiye anayezungumza kwa sauti kubwa kuliko sote kuhusu kuchangia. Ninahisi anataka kutoa ili apate kulala usiku. Tena kazini kwangu kuna mwenzangu anayeshikilia kwamba fedha za utafiti huishia Ulaya na Marekani, na kwamba dawa ya saratani ilikwisha kupatikana zamani ila imefichwa ili hospitali ziendelee kupata wateja.

Ninaomba unisaidie kuelewa mambo matatu. Fedha hizi ni za nani? Je, kwa watu wa kawaida kama sisi kuna maana yoyote ya kuchangia utafiti? Na mtu anayetoa ili kujiondolea uchungu wake mwenyewe, kutoa kwake kuna thamani?

Mweka Hazina, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa msiba, na Mwenyezi Mungu amrehemu mama yenu na awape nyote subira. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla ya yote ninataka kukupongeza kwa kuwa bado unazo fedha hizo zote na unauliza ni za nani, kwa sababu michango mingi ya ugonjwa huishia mahali ambapo hakuna anayeweza kueleza.

Fedha hizo si zako, si za kaka yako, na kwa maoni yangu si mirathi. Waliozitoa hawakumpa mama yako zawadi ya kufanyia apendavyo. Walizitoa ili saratani itibiwe, na aliyekuwa mbele ya macho yao ni yeye. Mtu aliyeelewa tofauti hiyo vizuri kuliko wengi alikuwa mwanasayansi Marie Curie, na nitakusimulia habari yake kwa kirefu kidogo kwa sababu inagusa fedha zako na pia inagusa matibabu aliyopata mama.

Marie Curie na mumewe Pierre waligundua mwaka 1898 radiamu, madini yanayotoa mionzi, wakachapisha hadharani namna ya kuyapata bila kuchukua hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, hivyo viwanda vikatajirika na wao wakabaki na mishahara yao. Mwaka 1920 mwandishi wa habari kutoka Marekani, Marie Mattingly Meloney, alimtembelea Paris, akashangaa kusikia kwamba mgunduzi wa radiamu alikuwa na takriban gramu moja tu katika maabara yake na kwamba alichokihitaji ni gramu nyingine ya kuendeleza utafiti. Bei yake ilikuwa dola 100,000. Meloney alirudi kwao akaanzisha mchango miongoni mwa wanawake wa Marekani, na fedha zilipatikana, sehemu kubwa ikiwa michango midogo midogo ya watu wasio na majina makubwa. Tarehe 20 Mei 1921 Rais Warren Harding alimkabidhi Curie zawadi hiyo katika Ikulu ya Marekani. Lakini katika mkesha wa siku hiyo, alipoisoma hati ya makabidhiano na kuona imeandikwa kwa jina lake, alikataa kuipokea ilivyo. Alisema kwamba ikiachwa hivyo, siku atakapokufa radiamu itakuwa mali ya binti zake, ilhali watu wameitoa kwa ajili ya sayansi, na akasisitiza hati ibadilishwe usiku ule ule. Mwanasheria akatafutwa, ikabadilishwa.

Hivyo ndivyo ninavyokushauri uzitazame hizo milioni 4 na laki 2. Anayekufa harithishi nia ya waliomchangia.

Sasa tazama radiamu ile ilikokwenda. Katika Taasisi ya Radiamu ya Paris, upande wa Curie ulifanya fizikia na kemia, na upande wa pili, chini ya daktari Claudius Regaud, ulitafuta namna ya kutumia mionzi kwa wagonjwa. Saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyonufaika mapema zaidi, kwa sababu chanzo cha mionzi kinaweza kuwekwa ndani ya mwili, karibu kabisa na uvimbe, bila kisu. Radiamu yenyewe imekwisha kuachwa na leo hutumika vyanzo vingine kama iridiamu na kobalti, lakini ile mionzi ya ndani aliyopewa mama yako inatokana na njia iliyotengenezwa na kuboreshwa miaka ile, kwa vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha za wachangiaji na za serikali. Mama wa nyumbani aliyetoa dola moja huko Marekani mwaka 1921 hakuweza kuwaza kwamba atakayefaidika ni mwalimu wa shule ya msingi wa Tanga.

Na ile dripu ya kila wiki? Mara nyingi dawa inayotolewa pamoja na mionzi katika saratani hii huitwa sisplatini, na inaelekea ndiyo aliyowekewa. Chanzo chake ni ajabu. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg, mwanasayansi wa Marekani, alichapisha jambo aliloligundua alipokuwa akichunguza athari za umeme kwa bakteria: seli ziliacha kugawanyika, na kumbe sababu haikuwa umeme bali chembechembe za platinamu zilizotoka katika vipande vya metali alivyotumia. Kutoka hapo ilichukua miaka mingi hadi dawa ikaidhinishwa mwaka 1978, na miaka mingine zaidi ya 20 hadi Februari 1999, ambapo Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwatangazia madaktari kwamba majaribio matano makubwa yameonyesha kuwa kuongeza sisplatini juu ya mionzi kunapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 30 hadi 50 kwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyopiga hatua. Wanawake walioingia katika majaribio hayo walikuwa wagonjwa wenyewe, wakikubali kupewa tiba moja au nyingine bila mtu kujua ipi ni bora. Hao walitoa kitu kizito kuliko fedha, na ule mwaka mmoja na zaidi mliokaa na mama akiwa na nguvu zake una mkono wao ndani yake.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na kaka yako anaposema kwamba kumtibu mgonjwa ni kuahirisha msiba, wala siwezi kukubaliana na yeyote anayeona utafiti ni anasa ya waliokwisha shiba. Matibabu ya leo ni utafiti wa jana, na utafiti wowote wa saratani usiomfikia mgonjwa kitandani umekwama njiani. Kaka yako na mdogo wako wanataka kitu kimoja. Wanachotofautiana ni nani afaidike kwanza, na hilo ni swali la kweli ambalo nitalirudia.

Kwanza nishughulikie maneno ya mwenzako wa kazini, kwa kifupi. Saratani si ugonjwa mmoja. Ni mamia ya magonjwa yanayofanana katika jambo moja, yaani seli zinazogawanyika bila kutii mwili, na kila moja ina tabia zake, kwa hiyo hakuna chupa moja ya dawa ambayo mtu angeweza kuificha. Na zile dawa zilizopatikana hazikufichwa. Saratani ya damu ya watoto inayoitwa limfoblastiki, ambayo hadi miaka ya 1940 ilikuwa ikiua karibu kila mtoto aliyeipata, leo katika nchi tajiri takriban watoto 9 kati ya 10 wanaishi miaka mitano na zaidi. Chanjo ya virusi vya HPV, vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, ilianza kutumika duniani mwaka 2006 na hapa Tanzania ikaingizwa katika mpango wa taifa mwaka 2018. Kitu kinachotolewa bure kwa wasichana shuleni hakiwezi kuitwa siri. Kinachonikera katika uvumi huu ni kwamba una madhara: mgonjwa anayeamini kwamba dawa ya kweli imefichwa huacha mionzi na kwenda kwa mtu anayedai anayo.

Kuhusu utafiti kuwa mali ya nchi za mbali, historia ya eneo letu hili inasema vingine. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliona mwishoni mwa miaka ya 1950 watoto wengi wenye uvimbe wa taya, akaanza kuwaandikia madaktari wa hospitali nyingine kuuliza kama nao wanauona. Mwaka 1961, kwa ruzuku ndogo na gari lililokwisha tumika, yeye na wenzake wawili walisafiri kutoka Uganda wakipita Kenya na Tanganyika hadi Afrika Kusini, hospitali kwa hospitali, wakiuliza. Sampuli za watoto wa Uganda zilizopelekwa London ndizo zilizowawezesha Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong kutambua mwaka 1964 kirusi cha kwanza kinachohusishwa na saratani ya binadamu, na safari ya Epstein ya kuja Uganda ililipiwa na shirika la hisani la Uingereza lililoishi kwa michango ya watu. Mfano wa pili ni wa India. Madaktari wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, waliwafundisha wanawake wa kawaida waliomaliza sekondari kuchunguza mlango wa kizazi kwa kupaka siki na kutazama kwa macho kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Walifuatilia wanawake wapatao 150,000 kwa zaidi ya miaka kumi, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 31. Hakuna mashine hapo. Ni siki, taa na mtu aliyefundishwa, njia ile ile inayotumika katika vituo vyetu vingi vya afya. Utafiti wa aina hiyo ungeweza kumwokoa mama yako mapema kuliko mtambo wowote, endapo siku ile alipokwenda zahanati mtu angefikiria kumchunguza.

Sasa swali lako la tatu, ambalo naamini ndilo lililokufanya uandike. Unauliza kama mtu anayetoa ili apate kulala usiku ametoa kweli.

Mwanangu, ukiwaondoa wote waliotoa kwa ajili ya saratani wakiwa na jambo lao moyoni, watabaki wachache sana. Wapo wanaotoa kwa sababu wamefiwa, na fedha ni kitu pekee wanachoweza bado kumfanyia marehemu. Wapo waliopona na wanaona wanadaiwa. Wapo wanaoogopa, kwa kuwa mama alikufa kwa ugonjwa huo, shangazi alikufa kwa ugonjwa huo, nao wanahesabu miaka yao. Wapo wanaotafuta radhi za Mungu. Wapo waliochanga katika kikundi chako cha WhatsApp kwa sababu orodha ya majina ilikuwa ikisomwa kila jioni na hawakutaka kuonekana wamekosekana, na wengine kwa sababu wewe na mama yako mliwachangia walipokuwa na shida. Shilingi zote hizo zilinunua dawa ile ile. Mimi sioni aibu katika sababu yoyote kati ya hizo, na sidhani kama inatupasa kuipekua nafsi ya mtoaji, kwa kuwa nia ni ya mja na Mola wake.

Hata hivyo liko jambo la kuangalia. Sababu inayomfanya mtu atoe haimwambii vizuri mahali pa kupeleka. Watafiti watatu wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha mwaka 2007 majaribio ambamo baadhi ya watu walionyeshwa picha na habari za msichana mmoja wa Mali mwenye njaa na wengine walipewa takwimu za mamilioni wenye njaa. Waliomwona msichana walitoa zaidi. Kilichowashangaza wengi ni kwamba waliopewa picha pamoja na takwimu walitoa kidogo kuliko waliopewa picha peke yake. Moyo wa mwanadamu humwona mtu mmoja na huchoka mbele ya umati. Ndiyo maana mdogo wako, aliyelala kwenye benchi la wodi, anamwona mama wa Kigoma, na kaka yako, ambaye ugonjwa aliuona kwa simu, anauona kama tatizo kubwa la kutatuliwa. Kila mmoja anatoa kufuatana na alipokuwa amesimama. Huo si unafiki wa yeyote kati yao, na ninakusihi usimwambie kaka yako kwamba anatoa kwa hatia, hata kama unaamini hivyo. Ukimwambia, ataacha kutoa na hatia itabaki.

Basi fedha ziende wapi? Nitasema ninavyoona mimi, nanyi mtaamua.

Kwa kiasi hiki cha fedha, ninaegemea upande wa mdogo wako, na sababu yangu ni ya kitabibu zaidi kuliko ya huruma. Mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi hufanya kazi ikikamilika kwa wakati. Madaktari hulenga matibabu yote, ya nje na ya ndani, yamalizike katika siku 56, na tafiti zimeonyesha kwamba kila siku inayozidi hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia 1, kwa sababu seli zilizosalia hutumia mapumziko hayo kujijenga. Mama anayerudi Kigoma kwa wiki mbili kutafuta nauli na unga amepoteza sehemu ya tiba ambayo serikali, wafadhili na yeye mwenyewe wamekwisha kuilipia. Tiba ya mionzi haipatikani kila mkoa, hivyo mgonjwa wa mbali analazimika kuishi Dar es Salaam kwa wiki nyingi bila kazi na bila ndugu. Chumba, chakula na nauli ya kila siku kwa mgonjwa wa namna hiyo ni sehemu ya matibabu kama ilivyo dripu, na milioni 4 zinaweza kuwafikisha wagonjwa kadhaa mwisho wa safari yao. Fedha hizo hizo zikiingia katika mradi mkubwa wa maabara, zitasaidia, lakini hamtazisikia tena.

Hoja ya kaka yako isitupwe. Kama atataka, sehemu ndogo ya salio itengwe na aende yeye mwenyewe kuuliza katika taasisi inayotibu na kutafiti hapa nchini kama inapokea michango ya wananchi kwa kazi ya uchunguzi wa mapema au ya ufuatiliaji wa wagonjwa, na aombe maelezo ya maandishi ya matumizi. Zaidi ya hapo, namshauri achangie kutoka mfukoni mwake, kiasi kidogo kila mwezi, kwa sababu utafiti hunufaika na fedha inayokuja bila kukatika kuliko ile inayokuja mara moja wakati wa msiba. Kama ana mabinti wa miaka 9 hadi 14, ahakikishe wamepata chanjo ya HPV, ambayo sasa hapa nchini ni dozi moja. Nanyi dada zake, mliofikisha miaka 30, nendeni mkachunguzwe. Uchunguzi huo ni wa dakika chache, na msikubali kuahirisha kwa sababu ya aibu.

Mama mdogo hana kosa kumtakia dada yake dua, lakini khitma ifanywe kwa fedha zenu wenyewe, hata kama itakuwa ya chai na visheti, kwa sababu waliochangia hawakuchangia pilau. Mimi si shehe, kwa hiyo jambo la hukumu ya salio mpelekeeni shehe mnayemwamini. Nadhani mama mdogo atatulia akikumbushwa ile hadithi mashuhuri ya Mtume, kwamba mwanadamu anapokufa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemuombea. Fedha zilizokusanywa kwa jina la marehemu na kumfikisha mgonjwa mwingine kwenye uponyaji haziko mbali na hayo, na mkiwa na sehemu ya utafiti mtakuwa mmeigusa hata ile ya pili.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, rudi kwa wenye fedha. Andika katika kikundi kile kile jumla iliyopokelewa, jumla iliyotumika na katika nini, na salio. Eleza pendekezo la familia, wape wiki mbili, na sema wazi kwamba anayetaka kurudishiwa chake atarudishiwa kwa uwiano wa salio na hataulizwa sababu. Wengi watasema endeleeni, lakini watakuwa wamesema wao. Mkishapata ridhaa, nendeni katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kwa kuwa maofisa wake ndio wanaowajua wagonjwa wanaokaribia kuacha tiba kwa kukosa matumizi. Fedha zinazopitia hospitalini zilipwe kwa utaratibu rasmi na mpewe stakabadhi. Msimkabidhi mtumishi yeyote mkononi, hata awe mwema namna gani. Picha ya stakabadhi irudi katika kikundi.

Limebaki jambo moja, nalo linamhusu mdogo wako. Atashawishika kuweka kikundini picha ya yule mama wa Kigoma ili watu waone na wakubali haraka, na kwa hakika itafanya kazi. Mwaka 1948, huko Boston, madaktari na wachangishaji walipotaka kuwaomba Wamarekani fedha za kutafiti saratani za watoto, walimweka redioni mvulana wa miaka 12, mtoto wa mkulima kutoka jimbo la Maine, akazungumza kutoka kitandani na wachezaji wa timu aliyoipenda. Zilipatikana zaidi ya dola 200,000, na mfuko ulioanzishwa wakati ule unafanya kazi hadi leo. Lakini walimwita Jimmy, jina lisilo lake, ili kumlinda, na jina lake halisi, Einar Gustafson, lilijulikana kwa umma mwaka 1998 alipokuwa mtu mzima aliyepona na aliyeamua mwenyewe kujitokeza. Mdogo wako na aandike tu kwamba yupo mgonjwa kutoka mkoa wa mbali ambaye amebakiza wiki kadhaa za mionzi na hana malazi. Jina, picha na aina ya ugonjwa wake ni vya mama huyo mwenyewe, na kama hajaulizwa, au ameulizwa wakati tayari ameahidiwa fedha, basi hajaridhia. Mpigieni simu leo mjue kama bado yuko Dar es Salaam, kwa sababu wiki mbili za kusubiri majibu ya kikundi ni nyingi kwake, na ikibidi nyinyi ndugu wanne mtangulize nauli na chakula chake kutoka mifukoni mwenu.

Shangazi